Kenya: Nani Atamlipa Anayekwenda Maskani?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya nchi yake kwa nchi za nje. Siku chache baadaye miradi mingi ya afya iliyotegemea fedha hizo ilipokea agizo la kuacha kazi. Mengi yamesemwa tangu hapo juu ya dawa za UKIMWI, na ilistahili yasemwe. Lakini kwa jirani zetu wa Kenya, hasa katika miji ya pwani, amri ile iligusa pia kazi moja ndogo isiyozungumzwa sana, nayo ni kazi ya kumfuata mtu aliyenusurika kufa kwa heroini na kumfikisha kwenye tiba.

Uzito wa kazi hiyo hauonekani mpaka ieleweke hali ya mtu mwenyewe. Heroini, ambayo watumiaji huiita unga, ni dawa ya jamii ya afyuni. Ikizidi mwilini hudumaza sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua. Mtu husinzia, midomo hubadilika rangi, pumzi hupungua na hatimaye hukoma. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo huiondoa heroini pale ilipojishika katika ubongo, na mtu akarudi kupumua kwa dakika chache. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hiyo ipatikane hata kwa watu wa kawaida wanaoweza kuwapo tukio linapotokea. Hata hivyo naloksoni haitibu uraibu. Nguvu yake huisha baada ya saa moja hivi, na aliyezinduka huzinduka na arosto: viungo vinauma, anatapika, jasho linamtoka, na mawazo yake yote yako kwenye kete nyingine.

Kwa hiyo aliyeokolewa leo bado yumo hatarini kesho. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, watafiti walifuatilia watu wazima zaidi ya 17,000 walionusurika kuzidiwa na dawa za jamii hiyo kati ya mwaka 2012 na 2014. Katika miezi 12 iliyofuata karibu watu 5 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Miongoni mwa waliotibiwa kwa methadoni, hatari ya kufa ilikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu. Lakini walioipata methadoni hiyo walikuwa kama mtu mmoja tu katika kila tisa.

Wamarekani wenyewe walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi Agosti 2016, katika mji wa Huntington na vitongoji vyake, jimbo la West Virginia, watu wasiopungua 20 walizidiwa na dawa katika muda usiofika siku tatu. Wengi wao waliokolewa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba walionusurika waliruhusiwa kwenda zao bila ya kuelekezwa kwenye tiba ya uraibu. Mwaka 2017 mji huo uliunda kikosi cha watu wachache, akiwamo mhudumu wa afya, polisi na kiongozi wa dini, ambao humfuata aliyenusurika nyumbani kwake ndani ya saa 72. Hawaendi kukamata mtu. Huenda kumwuliza kama yuko tayari kutibiwa, na akikataa hurudi siku nyingine.

Turudi Kenya. Tiba ya methadoni ilianza huko Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, ikafuata Malindi na Mombasa mwaka 2015. Sisi Tanzania tulikuwa tumetangulia, kwa kliniki iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto kwa mchana na usiku wake, na aliyekuwa akihangaikia kete tangu alfajiri akapata nafasi ya kufanya kazi na kurudi kwa watu wake.

Lakini ni nadra mtu kuondoka maskani, kama wanavyoviita wenzetu vijiwe vya unga, akaingia mwenyewe kliniki. Utaratibu ni kwamba mashirika ya kijamii humtafuta, humwandaa kwa vikao kadhaa, kisha humsindikiza. Akipotea siku kadhaa hutafutwa tena. Wala huo si ukarimu tu. Aliyekosa dawa kwa siku nyingi mwili wake huwa umepoteza uzoefu, na kumpa kipimo kile kile cha zamani kunaweza kumwua. Kumfuatilia mgonjwa, basi, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Anayefanya kazi hiyo mara nyingi ni mtu aliyewahi kutumia unga na akaacha. Anajua maskani yalipohamia baada ya msako wa polisi. Anajua ni nani aliyeanguka Ijumaa usiku, wenziwe wakakimbia kwa kuogopa kukamatwa. Huko Malindi, Mradi wa Omari ulikuwa ukishughulika na waraibu tangu mwaka 1995, miaka 20 kabla ya kliniki ya serikali kufunguliwa katika mji huo. Sifa za kupambana na dawa za kulevya, kwa kawaida, hupewa manowari. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi nje ya pwani ya Kenya, na ulimwengu mzima ukapata habari. Mtu anayemshika mkono kijana mmoja mpaka dirisha la methadoni haandikwi popote.

Hapo ndipo lilipo kosa la mpango wenyewe. Daktari na muuguzi wa kliniki, kwa sehemu kubwa, ni watumishi wa umma. Anayekwenda maskani alilipwa na mradi, na mradi ulilipwa na mgeni. Mkoba wa mgeni ulipofungwa, jengo lilibaki lakini njia ya kuliendea ilikatika. Serikali ya Kenya iliamua huduma za makundi ya namna hii ziunganishwe na huduma za kawaida za hospitali. Uamuzi huo una hoja yake, maana hakuna taifa linaloweza kujenga hospitali mbili. Lakini mwenye arosto hawezi kukaa foleni mpaka saa sita mchana, huku mama mwenye mtoto mgonjwa akimvutia mkoba mbali. Ataondoka, na tunajua aendako.

Kenya hata hivyo inacho chombo tayari. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaolipwa posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wafuatiliaji 50 wa maskani wakiingizwa katika orodha hiyo, posho zao zitakuwa shilingi milioni 3 kwa mwaka. Hizo si fedha za kuishinda serikali. Ugumu uko kwingine: wahamasishaji hao hugawiwa kaya, na maskani hayana mlango wa kubisha hodi, tena huteuliwa kwa kukubaliwa na wanakijiji, na ni kijiji gani kitakachomteua mtu kinayemkumbuka kwa kuiba sufuria? Bila ya kanuni itakayoruhusu watu hao wateuliwe kwa njia yao, kazi itapewa mtu mwema asiyejua pa kuanzia.

Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano, unaoitaka Kenya iongeze fedha zake yenyewe. Sisi tunaofuatilia kutoka upande huu wa mpaka tunalo la kutazama, kwa kuwa kazi kama hiyo humu nchini mwetu nayo imetegemea sana fedha za kigeni. Makadirio ya matumizi ya kaunti za Kenya hufikishwa katika mabunge yao kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katika vitabu vya Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu ndimo itakamoonekana kama mfuatiliaji wa maskani ametengewa kifungu chake.