Maharage Huchelewa Kuiva Bihambwe, na Kosa Si la Kuni

Bihambwe haina theluji, wala haina msimu unaoitwa wa baridi. Iko kusini kidogo ya ikweta, katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, kwenye barabara inayopanda kutoka Sake kupitia Mushaki. Joto la Januari na la Julai huko halipishani sana. Hata hivyo asubuhi watu hutoka na makoti, ukungu hukaa mabondeni mpaka jua likolee, na jioni watoto huwa hawabanduki jikoni. Baridi hiyo ni ya mwinuko. Ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa wastani wa digrii 6 na nusu. Mlima wa mita 2,000, kama ilivyo mingi ya Masisi, hupungukiwa digrii 13 hivi ukilinganishwa na pwani ya latitudo hiyo hiyo, mwaka mzima, na mvua huongeza makali.

Baridi ya namna hiyo ina chakula chake. Ni sufuria ya maharage yaliyoiva mpaka mchuzi ukawa mzito, viazi vimetupiwa ndani, mchicha uitwao lengalenga juu, na kitunguu kilichokaangwa kwa mawese. Kasoro mawese, ambayo hutoka mabondeni kwenye joto, vyote hivyo hutoka shambani karibu na nyumba. Udongo wa Masisi ni mzuri, na magari yanayoteremka kwenda Goma hujaa viazi na maharage. Ni chakula rahisi, cha sufuria moja, na kwa afya sioni cha kukishinda kwa bei yake. Tatizo ni kwamba mwinuko ule ule unaokufanya ukitamani ndio unaokichelewesha jikoni.

Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa inayoyakalia. Mombasa, kando ya bahari, hilo hutokea kwenye digrii 100. Goma, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ni digrii 95. Ukifika mita 2,000 hewa imekuwa nyepesi, na maji huchemka kwenye digrii 93 na ushee. Kwa macho hutaona tofauti: mapovu ni yale yale na mvuke ni ule ule. Lakini maji hayo hayajafika 100 wala hayatafika, hata ukiongeza kuni mpaka moto ulambe masikio ya sufuria.

Digrii 7 ni chache kwa mtu anayeoga. Kwa haragwe ni nyingi. Kulainika kwa chakula ni kemia, na kanuni ya jumla ni kwamba joto likishuka digrii 10, kasi hupungua kwa nusu hivi, wakati mwingine zaidi. Maharage ambayo Mombasa yangetaka saa moja na nusu, milimani yanaweza kufika saa mbili na nusu. Machi 1835 Charles Darwin alikuwa akivuka milima ya Andes, juu zaidi kuliko Masisi, na viazi vya msafara wake vilichemshwa usiku kucha vikaamka vigumu. Wenzake wawili waliamua kwamba sufuria, kwa kuwa ilikuwa mpya, haikutaka kupika viazi. Kwetu lawama huangukia kuni mbichi, na hukumu hiyo pia si ya haki.

Kuni hupotelea mahali pengine. Kuipasha lita moja ya maji kutoka digrii 15 hadi 93 hutaka kilojuli 330 hivi. Kuigeuza lita hiyo hiyo iwe mvuke hutaka kilojuli 2,270, karibu mara 7. Sufuria inayofoka bila kifuniko inatumia kuni kutengeneza mawingu chini ya dari, huku maharage yakibaki kwenye digrii zile zile 93. Maji yanayotokota polepole na maji yanayofoka yana joto moja. Kwa hiyo baada ya mchemko wa kwanza, toa kuni, acha vijinga viwili vitatu, na funika.

Wapo wanaoweka jiwe juu ya kifuniko wakiamini linaongeza nguvu. Nimepiga hesabu: jiwe la kilo 5 juu ya kifuniko cha kipenyo cha sentimita 24 hupandisha joto la kuchemka kwa chini ya nusu digrii, tena iwapo mvuke haupenyi popote pembeni. Faida yake ya kweli ni kuziba, na hiyo si ndogo. Anayetaka kuishinda hewa nyepesi kwa kweli anahitaji sufuria ya presha, uzao wa chombo ambacho Denis Papin alikionyesha London mwaka 1679. Kwa mita 2,000 sufuria nzuri ya presha hufikisha digrii 117 hivi. Aliye nayo aitumie kwa maharage kabla ya kitu kingine chochote. Lakini ni ghali, na mpira wake ukichakaa kijijini hupati mwingine.

Asiye nayo anaanza kazi usiku uliotangulia, kwa maji. Weka punje chache kwenye sahani ya maji baridi uzitazame. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha ngozi inaanza kujikunja pembeni, mikunjo midogo kama ya vidole vilivyokaa majini, kwa sababu ngozi imetanuka kabla ya nyama ya ndani. Maji huingia kwanza kupitia kijitundu kilicho karibu na kidoa pale punje iliposhikana na ganda lake, ndipo yatambae. Baadaye mikunjo inapotea, punje inajaa, na uzito wake unakaribia mara mbili ya ulivyokuwa. Maji baridi huingia polepole kuliko maji ya vuguvugu, na usiku wa Masisi ni baridi. Saa 8 zinazotosha pwani hazitoshi huko. Anza na maji ya moto kiasi, au loweka tangu jioni mpaka karibu na adhuhuri.

Ndani ya punje, chembechembe zilizojaa wanga na protini zimegandamana kwa gundi iitwayo pektini, na gundi hiyo hukazwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Kuiva kwa haragwe ni kuachia kwa gundi hiyo. Ukilielewa hilo, mambo mengi ya jikoni yanajieleza. Kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa lita ya maji ya kulowekea husaidia, kwa sababu sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye ngozi. Nyanya na limau, zikiingia mapema, huikaza gundi, kwa hiyo zisubiri mpaka punje ibonyee kwa vidole. Magadi au bikabonati huiyeyusha haraka, lakini huharibu vitamini B1, na ladha hugeuka sabuni ukizidisha. Kwa nyumba inayokula maharage karibu kila siku, hasara hiyo ya vitamini si ya kupuuza; binafsi magadi nayaacha. Na maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu huwa magumu kwa namna ambayo hata kuloweka hakumalizi, maana madini yamekwisha kujifunga kwenye pektini. Mavuno mapya yana thamani kuliko bei yake sokoni inavyoonyesha.

Maji ya kulowekea yamwagwe. Hubeba sehemu ya sukari zile ambazo utumbo wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, zikaachiwa bakteria wa utumbo mpana, na gesi ikafuata. Mtoto asiyeumwa tumbo baada ya maharage atakula tena kesho.

Sasa njia ninayoipenda kuliko zote: kikapu. Maonyesho ya Paris ya 1867 yalikuwa na jiko la Norway lisilotumia moto, kasha lenye kitambaa kizito kuzunguka sufuria iliyokwisha kuchemka. Kanuni yake haihitaji Norway. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi, na majani makavu ya migomba, blanketi kuukuu au nguo zilizochakaa zimejaa hewa iliyotulia. Tandika kapu au gunia kwa unene wa kiganja, weka sufuria iliyojaa (iliyo nusu hupoa haraka), funika na juu pia, uende shambani. Milimani sharti ujue kwamba unaanza na digrii 93 badala ya 100, na nje ni baridi. Kwa hiyo chemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika 45 hadi saa nzima kabla ya kuyafunga, tandiko liwe nene zaidi, na baada ya saa tatu hivi yarudishe motoni yachemke tena.

Hapo kuna jambo la hatari, na naomba lisomwe polepole. Maharage mengi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini. Punje 4 au 5 mbichi zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Mchemko mkali wa nusu saa huivunja, lakini joto la digrii 80 haliivunji, na linaweza kuizidisha nguvu. Kikapu kamwe kisipewe maharage ambayo hayajachemka kwa ukali kwanza. Na chakula kilichopoa humo mpaka kikawa vuguvugu kichemshwe upya kabla ya kuliwa.

Anayesema maharage humpasha mwili joto anasema kweli. Mwili hutumia nguvu kumeng'enya chakula, na nguvu hiyo hutoka kama joto. Kwa protini ni asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake yote, zaidi sana ya mafuta. Punje kavu ina protini zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, na wanga wake huingia kwenye damu polepole, ndiyo maana aliyekula maharage asubuhi hashikwi na njaa mapema. Pungufu la protini hiyo hujazwa na bugali wa mahindi. Madini ya chuma yamo, ila mwili huchukua sehemu ndogo tu yasiposaidiwa. Msaada ni vitamini C, ambayo hufa kwa kuchemshwa sana: lengalenga ziingie dakika za mwisho, limau likamuliwe sahanini, na chai isubiri saa moja baada ya chakula, kwa sababu hushika chuma na kukizuia. Rwanda, wanafunzi wa kike wa chuo waliopewa kwa siku 128 maharage yaliyozalishwa kuwa na chuma kingi walipandisha chuma mwilini kuliko wenzao waliokula ya kawaida. Mbegu za aina hiyo zimefika Kongo pia. Mkulima wa Masisi anayezipata asizikatae.

Kuni pia ni suala la afya. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 vilivyosababishwa na moshi wa majumbani. Penye baridi hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mlango hufungwa joto lisitoke, na moshi hubaki ndani na mama na mtoto aliye mgongoni. Saa mbili za moto zilizookolewa ni saa mbili za hewa safi.

Na wapo ambao kuni kwao ni hatari ya kifo. Familia nyingi za Masisi zimekimbia vita, nyingine zaidi ya mara moja, zikajikuta kwenye kambi zilizouzunguka mji wa Goma. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu humo maelfu ya wanawake waliobakwa, na wengi walisema walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Maharage makavu yanayogawiwa mtu aliyekimbia hayawi chakula mpaka apate moto wa saa nyingi. Yeyote anayegawa maharage milimani, liwe shirika, parokia au jamaa aliye Ulaya anayetuma pesa, agawe pamoja nayo sufuria yenye kifuniko kinachoziba, ndoo ya kulowekea, na blanketi moja la ziada kwa ajili ya kikapu.