Daktari Aliye Mlangoni

Kazi ya karani wa parokia ni kuandika. Huandika wanaobatizwa, wanaofunga ndoa, na wale waliotutoka. Katika kitabu cha wafu hapana nafasi ya maneno mengi: jina, siku, mahali alipozikwa, basi. Lakini watu wakija ofisini kuleta taarifa hawaishii hapo, nao hunisimulia. Mmoja alianguka kutoka juu ya mfenesi asubuhi, akafikishwa hospitali usiku. Mama fulani alitokwa na damu baada ya kujifungua, na machela ilikuwa bado iko njiani kuteremka mlima. Mtoto alishikwa na degedege, wazee wakasema asichomwe sindano maana atakufa. Sikuwahesabu. Ila neno moja nimelisikia mara nyingi mno: “Tulichelewa.”

Leo nataka nikueleze habari za madaktari wanaosomea saa hizo za kwanza. Huitwa mabingwa wa magonjwa ya dharura na ajali. Twawajua bingwa wa mifupa, bingwa wa watoto na bingwa wa macho, lakini huyu wa mlangoni wengi wetu hatujui kama yupo, wala kama kazi yake yasomewa chuoni.

Lakini kwanza nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilimpeleka mpwa wangu hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Alikuwa amevunjika mkono. Nanyi wenzangu wa Uluguru mwajua mjomba ana deni gani kwa mtoto wa dada yake. Sikutaka kurudi nyumbani na maneno. Wakamtazama, wakamfunga mkono kwa kitambaa, wakatupa kadi ya kijani, tukaambiwa tungoje. Tulingoja. Baada ya saa mbili akaja msichana mmoja kwa bajaji pamoja na ndugu zake. Hakuwa na jeraha, alitembea mwenyewe huku ameshika tumbo, naye akaingizwa papo hapo. Nilisimama nikasema maneno ambayo mtu wa kanisa hapaswi kuyasema mbele za watu. Mwuguzi akanijibu kwa upole, “Kaka, mtoto wako analia. Yule hana hata nguvu za kulia.”

Ndugu zake, tuliokaa nao benchi moja, walinieleza baadaye. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba, naye alikuwa akivuja damu ndani ya tumbo, mahali ambapo jicho la mjomba mwenye hasira haliwezi kuona. Nilikaa chini kimya.

Basi ile kadi ya kijani haikuwa dharau. Katika hospitali nyingi mgonjwa akifika mlangoni mwuguzi hupima pumzi zake, mapigo ya moyo, joto na fahamu, ndipo humpa rangi. Nyekundu ni wa sasa hivi, manjano anaweza kungoja kidogo, kijani anaweza kungoja zaidi. Hawatazami nani alitangulia kufika, wala nani amevaa suti. Desturi hii ni ya zamani. Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon huko Ufaransa, aliwatibu majeruhi kwa ukubwa wa majeraha yao bila kujali cheo cha mtu, na hata askari wa adui aliwatibu hivyo hivyo.

Sasa huyo daktari anayesomea mlangoni afundishwa nini? Afundishwa kugeuza mambo. Daktari wa kawaida hukaa na mgonjwa akamwuliza: unaumwa nini, tangu lini, ulikula nini? Hutafuta jina la ugonjwa, halafu huandika dawa. Lakini mtu aliyeletwa hajitambui hawezi kujibu, na akingojewa mpaka jina la ugonjwa lijulikane, atakuwa amekwisha kufa. Kwa hiyo daktari wa dharura huulinda uhai kwanza. Hutazama njia ya hewa kama iko wazi. Akiridhika hutazama pumzi, halafu damu na mzunguko wake, halafu fahamu, ndipo humfunua nguo atazame mwili mzima, mbele na nyuma. Kila penye kasoro hurekebisha hapo hapo kabla hajaendelea. Mpango huo huufuata usiku na mchana, mpaka mikono yake iufuate hata akiwa amechoka.

Wasomaji wa Injili ya Luka jambo hili si geni kwenu. Yule Msamaria hakuuliza majina. Aliyafunga majeraha kwanza, ndipo akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, ndipo akamfikisha mahali pa kulala.

Hufundishwa pia kazi ngumu za mikono: kuingiza mpira kooni mgonjwa apate kupumua, kutoa hewa iliyojaa kifuani ikiubana moyo, kuchoma sindano katika mfupa wa mguu wa mtoto mchanga ambaye mishipa yake imenywea, na kutazama damu iliyomwagika tumboni kwa mashine ya ultrasaundi. Haya hayasomwi kitabuni tu. Hujifunza kitandani kwa mgonjwa, mwalimu akiwa amesimama kando, zamu za usiku zikiwamo.

Ubingwa huu ni mchanga hata katika nchi kubwa. Marekani yenyewe ilianza kuwafundisha madaktari wa namna hii mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Cincinnati. Kabla ya hapo chumba cha majeruhi kiliachiwa daktari aliyemaliza masomo juzi, au yeyote aliyepatikana. Kwetu Tanzania mambo yalikuwa hivyo kwa miaka mingi zaidi. Mwezi wa Januari mwaka 2010 ndipo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilipofungua Idara ya Magonjwa ya Dharura iliyo kamili, kwa ushirikiano wa Serikali na mfuko wa Abbott wa Marekani. Mwaka huo huo chuo kikuu cha afya kilichoko hapo Muhimbili kilianza masomo ya ubingwa huo. Walimu wa kwanza walitoka nchi za nje, kwani sisi hatukuwa na mtu. Wanafunzi wa kwanza walihitimu mwaka 2013, na sasa Watanzania ndio wanaowafundisha Watanzania wenzao.

Nasi wa Morogoro hatuwezi kusema kwamba habari hizi ni za Dar es Salaam peke yake. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu. Watu walikimbilia kuchota petroli, na moto ukalipuka. Siku ile ile walikufa makumi ya watu, na katika majuma yaliyofuata hesabu ikapita 100. Walioungua vibaya zaidi walihamishiwa Muhimbili, mwendo wa kilomita 190 na ushei. Mtu aliyeungua uso na koo huweza kuwa anaongea nawe vizuri, lakini koo lavimba ndani kwa ndani, na baada ya muda mfupi hewa haipiti tena. Daktari aliyefundishwa hujua kwamba mpira wa kupumulia huingizwa mapema, wakati mgonjwa angali akiongea. Ukichelewa, hauingii.

Tangu wakati huo nchi imejenga sana. Katika ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliopatikana mwaka 2021 kwa ajili ya kupambana na UVIKO, sehemu yake ilijenga majengo ya dharura katika hospitali za mikoa na wilaya. Ni jambo jema, nasi twashukuru. Ila mimi naona hapa pana hesabu ambayo haipendezi. Jengo humalizika kwa mwaka mmoja au miwili. Daktari bingwa, baada ya kumaliza kidato cha sita, husoma udaktari miaka 5, hufanya kazi ya mazoezi mwaka 1, halafu husomea ubingwa miaka 3. Hiyo ni miaka 9, bila kuhesabu miaka ya kungoja nafasi au fedha. Kwa hiyo majengo yametangulia, na mabingwa bado wako darasani. Mzazi mwenye kijana anayeshika vizuri Fizikia, Kemia na Biolojia, asidhani mlango wa udaktari ni wa watoto wa mjini tu.

Mpaka vijana hao watakapotosha, Shirika la Afya Duniani pamoja na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa walitoa mwaka 2018 mafunzo mafupi ya siku chache, yaliyokwisha kujaribiwa Uganda, Zambia na hapa Tanzania. Hayo ni kwa wauguzi na waganga wa hospitali ndogo na vituo vya afya, nayo hufuata mpango ule ule: njia ya hewa, pumzi, damu, fahamu, mwili mzima.

Lakini hata bingwa wa namna gani hawezi kumtibu mgonjwa ambaye bado yuko Mgeta au Kinole juu ya machela. Saa ya kwanza iko mikononi mwetu, nasi twaipoteza kwa mambo madogo. Mtoto akiwa na degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, kisha mkimbize kituoni. Sindano haimwui, kinachomwua mara nyingi ni malaria kali au sukari iliyopungua mwilini. Jeraha linalotoa damu libane kwa nguvu na kitambaa safi, wala usiachilie kila mara kuchungulia. Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno waachie wapiga mswaki. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asitembezwe. Atulie, abebwe.

Na kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, upo utaratibu wa usafiri uitwao m-mama, ambao hupigiwa simu bure kwa namba 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana, hutafutwa dereva wa jirani aliyeandikishwa, naye hulipwa na utaratibu huo, si na familia. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, iandikeni namba hiyo ukutani pale mnaposalia. Pia kubalianeni sasa, kabla ya shida, machela iwekwe nyumba ipi na vijana gani wanne wataamshwa usiku. Katika vijiji vya juu mlimani neno hili si la kungoja mvua za masika.

Mpwa wangu aliitwa jioni ile, akafungwa plasta ngumu, na baada ya majuma sita mkono ukawa mzima. Dada yangu aniambia kwamba amekwisha kuonekana tena juu ya mti ule ule.