SOMO LA LEO: MTU ANAYEULIZA HABARI ZA MIKOPO YA BIASHARA

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: mali kauli, hundi, uchunguzi.

Tuseme mtu amekuja dukani kwako na karatasi ya maswali. Anauliza: Wanunua bidhaa kwa fedha taslimu au kwa mkopo? Unapewa siku ngapi za kulipa? Wengi hudhani ni mtu wa kodi, wakamjibu uongo. Basi sikilizeni.

Mali kauli mwaijua. Unachukua sukari leo, unalipa ukiisha kuuza. Hakuna karatasi, kuna neno tu. Lakini neno husahauliwa, na mmoja akifa, warithi hugombana.

Hundi ya biashara ni neno lililowekwa katika karatasi. Mwuzaji wa jumla anaandika: "Nilipe Shs. 2,000,000 baada ya siku 90." Wewe unaandika "Nimekubali," unatia sahihi. Mwuzaji akitaka fedha mapema, anaipeleka hundi benki. Benki yaweza kumpa Shs. 1,940,000, na zile 60,000 ni faida yake kwa kungoja. Siku ya 90 benki inakuja kwako kudai 2,000,000 kamili. Hata kama sukari ilikuwa mbovu, mara nyingi benki itakudai vile vile, maana sahihi ni yako. Kwa hiyo usitie sahihi karatasi usiyoisoma!

Sasa, kwa nini kuuliza watu wa namna nyingi? Kwa sababu kila mmoja anaona upande wake. Benki Kuu ya Kenya huwauliza maofisa wa mikopo wa mabenki kila miezi mitatu. Lakini benki yamjua yule aliyefika mlangoni kwake tu. Benki ya Dunia huuliza kampuni za nchi nyingi ni sehemu gani ya fedha za kazi inayotokana na mkopo wa wauzaji; lakini kwa kawaida huchagua kampuni zilizoandikishwa, zenye watu 5 au zaidi. Mwenye duka dogo na mali kauli yake yuko wapi? Hakuonekana. Ndiyo maana mwaka 2016 ofisi ya takwimu ya Kenya ilizifuata biashara ndogo pia, hata zisizo na leseni.

Ukidanganya, au ukifunga mlango, hesabu itasema watu wa namna yako hawakopi wala hawahitaji mkopo. Na asiyehesabiwa hawekewi sahani.

Lakini uwe na hadhari. Kwanza, soma barua yake ya kazi. Pili, usimpe nambari ya siri. Tatu, usitie sahihi ya deni lo lote. Mchunguzi wa kweli ataka majibu tu.

Maswali ya darasa:
1. Mali kauli na hundi zinatofautianaje?
2. Kwa nini kuuliza mabenki peke yake hakutoshi?
3. Andika katika daftari: nani unadaiwa naye, kiasi gani, na siku ya kulipa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.