Goin' South: Steringi Alipojiongoza Mwenyewe

Filamu ya kauboi ni aina ya sinema ya Marekani inayosimulia maisha ya mipakani katika karne ya 19, ambapo wafugaji, wachimba dhahabu, majambazi na masherifu, yaani maofisa wa kulinda sheria mjini, hugombania ardhi na mali kabla dola haijatia mizizi. Filamu hiyo inapokusudiwa kuchekesha, kazi ya mwongozaji huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mtazamaji hukifurahia kichekesho pale tu anapoamini kwamba hatari inayowakabili wahusika ni ya kweli. Goin' South, iliyotolewa mwaka 1978, iliongozwa na Jack Nicholson, ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu, au steringi kama watazamaji wengi wa Afrika Mashariki wamwitavyo, miaka miwili tu baada ya kutunukiwa Oscar ya mwigizaji bora. Ilikuwa na kila kitu cha kuifanya filamu kubwa, na ndiyo maana inavunja moyo. Nako Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambako habari za dhahabu zinajulikana kwa jasho, kasoro yake huonekana upesi.

Nicholson anaigiza Henry Moon, jambazi mdogo anayefukuzwa na kundi la sherifu hadi anavuka mto wa mpakani na kuingia Meksiko, ambako anaanza kushangilia uhuru wake, lakini farasi wake anaanguka kwa uchovu, na wanaomfukuza wanavuka mto kana kwamba mpaka haupo. Anarudishwa katika mji wa Longhorn, Texas, ili anyongwe, na kinachomwokoa ni kanuni ya mji, iliyotungwa kwa sababu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipunguza wanaume, inayomruhusu mwanamke asiye na mume kumtoa kitanzini mfungwa asiye muuaji kwa kukubali kuolewa naye. Julia Tate, anayeigizwa na Mary Steenburgen, anaitumia kanuni hiyo bila mapenzi yoyote: anahitaji mikono ya kuchimba dhahabu anayoamini imo chini ya shamba lake, kabla kampuni ya reli haijalitwaa.

Hapa ndipo penye kiini cha hadithi, na hapa ndipo msomaji wa Kakamega anapoyatambua mambo ya kwao. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931, walowezi wengi wa Kizungu, ambao bei za mazao yao zilikuwa zimeporomoka, walimiminika Kakamega kuweka mipaka ya migodi, na sheria ya mwaka 1930, iliyowaahidi wenyeji kwamba ardhi yao ingekuwa yao milele na kwamba kipande chochote kitakachotwaliwa kingefidiwa kwa ardhi nyingine, ilirekebishwa Desemba 1932 ili fidia iweze kuwa fedha tu. Mgodi wa Rosterman, uliofungwa mwaka 1952, umeacha jina lake kwa mtaa mzima. Hadi leo, upande wa Ikolomani, wachimbaji hushuka kwa kamba katika mashimo membamba, na mawe yanayopandishwa hupondwa kwa nyundo, mara nyingi na wanawake, yakasagwa kuwa unga unaooshwa ndani ya karai na kuchanganywa na zebaki, madini ya majimaji yenye sumu yanayonasa chembe za dhahabu. Anayeijua kazi hiyo anajua jinsi uchovu, hofu ya shimo kuporomoka na shaka juu ya mgawo zinavyowafunga watu wawili pamoja au kuwatenganisha.

Goin' South inao mgodi wa namna hiyo, tena unaporomoka, lakini inautumia kama pazia la nyuma. Kamera, iliyokuwa mikononi mwa Néstor Almendros, mpigapicha hodari aliyepata Oscar kwa Days of Heaven ya mwaka huohuo, inaipendezesha nchi kavu ya Durango, Meksiko, kisha inarejea tena na tena usoni mwa Nicholson, anayekonyeza, anayekenua na kuzungumza kwa sauti ya puani onyesho baada ya onyesho. John Belushi, aliyekuwa ndio kwanza ametikisa Marekani kwa filamu ya Animal House, anapewa nafasi ndogo mno, na Christopher Lloyd, naibu wa sherifu aliyemtaka Julia, anaachwa na wivu usiopata pa kwenda.

Sababu moja ya kasoro hiyo iko katika kazi yenyewe ya kujiongoza. Mwongozaji ndiye anayetazama kwa niaba ya mtazamaji na kumwambia mwigizaji apunguze, na anayecheza mbele ya kamera hawezi kujitazama wakati huohuo. Jerry Lewis, alipojiongoza katika The Bellboy mwaka 1960, alitumia kamera ya video kando ya kamera ya filamu ili ajione papo hapo. Hata hivyo chombo hakitoshi. Clint Eastwood alijiongoza katika The Outlaw Josey Wales mwaka 1976, na vicheko vizuri kabisa vya filamu hiyo aliviacha kwa mzee Chief Dan George, huku yeye akinyamaza. Ukarimu wa namna hiyo ndio uliokosekana Longhorn, na ni hasara kubwa, kwa sababu Steenburgen, ambaye hakuwahi kuigiza katika filamu kabla ya hiyo, anaonyesha kwa utulivu wa macho na mgongo ulionyooka kwamba Julia ana hofu ya kweli na shamba la kweli la kupoteza. Kila anapobaki peke yake mbele ya kamera, filamu hupata uzito.

Steenburgen alitunukiwa Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa Melvin and Howard ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Jonathan Demme. Nicholson alikaa hadi mwaka 1990 ndipo akaongoza tena, katika The Two Jakes, ambamo kwa mara nyingine yeye ndiye aliyekuwa steringi, na filamu hiyo haikufanya vizuri sokoni.