Bukari, Mawese na Ndagala: Tusivitenganishe



Katika mikutano yetu ya mwisho, upande wa barabara ya Nyunzu na hata kandokando ya ziwa, ulizo moja limerudi mara mingi. Watu wamesikia, wengine kwa simu, wengine kwa wauzaji wa dawa ku soko, kwamba si vizuri kula mafuta pamoja na bukari, wala samaki pamoja na bukari. Eti vikikutana ndani ya tumbo vinaoza na kuleta magonjwa. Mama mumoja alituambia kwamba tangu asikie habari hiyo ameacha kutia mawese katika sombe ya watoto. Njo sababu tunaandika.

Mafundisho hayo hayakuzaliwa huku kwetu. Yanatoka Marekani, kwa munganga mumoja William Hay, karibu miaka 100 iliyopita. Yeye alisema vyakula vya wanga (bukari, wali, viazi) vitengwe na vile vya protini (nyama, samaki, mayai). Mwaka 2000, waganga wa Geneva, katika nchi ya Uswisi, walilinganisha watu wanene waliokula kwa kutenganisha na wengine waliokula vyakula vikichanganywa, wote wakipewa kipimo kimoja cha nguvu. Uzito ulipungua karibu sawasawa. Utumbo wetu unapokea maji ya kusaga wanga, ya kusaga protini na ya kusaga mafuta kwa wakati mumoja. Tena angalieni haragi: ndani ya punje moja kuna wanga na protini. Nani atavitenga? Na maziwa ya mama, chakula cha kwanza cha kila mutu, yana sukari, mafuta na protini pamoja.

Basi kwetu shida si kuchanganya. Shida ni sahani yenye kitu kimoja tu.

Unga wa muhogo ni karibu wanga mutupu. Katika gramu 100 za unga, protini haipiti gramu 2 hivi. Unashibisha, unatoa nguvu ya kulima, lakini haujengi mwili. Wazee wetu walijua kuupatia wenzake: sombe, mawese, ndagala, karanga. Sombe iko na protini na ile rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ya kulinda macho na kusaidia mutoto kupambana na magonjwa. Lakini rangi ile inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Ukipika sombe kwa maji na chumvi tu, sehemu kubwa inapita na kutoka na choo. Umetwanga bure, mama. Kijiko cha mawese katika nyungu ndicho kinafungua mulango, na mawese yenyewe inaleta vitamini nyingine juu yake.

Hapa tuseme kitu kimoja kinachotuuma. Nyumba nyingi zinachoma mawese juu ya moto mukali mpaka inakuwa nyeupe, juu ya harufu au juu ya mazoea. Wekundu ule ndio vitamini! Ikipotea, nguvu inabaki lakini dawa imeenda na moshi. Pasha kidogo tu, tia kitunguu, basi. Ama tia mawese mbichi wakati sombe inakaribia kuiva. Kuhusu sombe yenyewe tusikosee: itwangwe vizuri, ichemke muda murefu na nyungu bila kifuniko, ili ile sumu ya majani iondoke na mvuke.

Kwa mutoto mudogo jambo ni kubwa zaidi. Tumbo la mutoto wa miezi 8 linabeba karibu kikombe kimoja tu. Ukilijaza uji mwepesi wa muhogo, umelijaza maji. Gramu moja ya wanga inatoa kalori 4. Gramu moja ya mafuta inatoa 9. Kijiko kidogo cha mawese kinaongeza karibu kalori 40 bila kuongeza wingi wa uji. Uji ukishatoka ku moto, tia kijiko hicho, tia na unga wa ndagala kavu zilizosafishwa muchanga na kusagwa laini. Ama karanga za kusaga, kama ziko kavu na hazina ukungu. Tumeona watoto ambao miguu na uso vimevimba, nywele zimekuwa nyekundu, na jirani anasema mutoto amenenepa. Huyo hajanenepa. Huyo apelekwe ku sentre ya afya siku ileile, kijiko cha mafuta hakitamutibu.

Ndagala ina kazi nyingine ambayo wachache wanaijua. Muhogo muchungu uko na sumu. Tunaitoa kwa kulowesha siku 3 au 4 na kuanika. Sumu kidogo inayobaki, mwili unaiharibu kwa kutumia sehemu fulani za protini, ambazo samaki iko nazo kwa wingi. Kule Kahemba, jimbo la Kwango, njaa ilipofanya watu wapunguze siku za kulowesha, na wale muhogo bila samaki wala nyama, ulikuja ugonjwa wa konzo: miguu yote miwili inapooza ghafla, na haiponi. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na wamama. Siye tuko na ziwa mbele ya mulango. Wakati wa giza ya mwezi, taa za wavuvi zinapoleta ndagala nyingi na bei inashuka, ndio wakati wa kununua na kuanika. Mwezi ukiwa mukubwa, zinapungua na bei inapanda.

Tunajua mutajibu nini: mawese ni ya kuuza, ndiyo inalipa masomo ya watoto. Kweli. Tuhesabu basi. Watu 6 katika nyumba, kila mumoja vijiko vidogo viwili kwa siku, kila kijiko mililita 5. Hiyo ni mililita 60 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 1.8. Bidoni ni lita 20. Kwa hiyo bidoni moja inalisha nyumba miezi 11, na zinazofuata zote zinaenda ku soko. Koperative moja imeanza kuweka bidoni ya nyumba pembeni kabla ya kupima ya kuuza, na imekabizi wamama ufunguo. Wababa walinung'unika wiki ya kwanza.

Kwa wazee wenye sukari ao presha, ama mutu ambaye tumbo limekuwa kubwa, hesabu si hiyohiyo: hao wapunguze kipande cha bukari, wazidishe mboga na maharagi, na mafuta yawe kidogo. Wamuulize munganga wao kipimo.

Katika mukutano ujao tutapika sombe nyungu mbili, moja na mawese nyekundu, nyingine na mawese iliyochomwa, ili kila mutu aonje. Mulete vijiko vyenu.