Mtu Mmoja, Sauti Tatu

Mwaka huu nimeombwa niandike juu ya jambo la sayansi kwa Kiswahili. Baada ya kukuna kichwa siku tatu nzima nimeamua niandike juu ya jambo lililokwisha kunitia aibu mbele za watu, maana hilo nalijua vizuri. Nalo ni hili: vipi mtu mmoja, mwenye koo moja, husimama peke yake akaimba na akasikika kama watu watatu wanaoimba pamoja?

Wengi wenu mmewaona watu hawa. Ukienda harusini Kisauni au Changamwe, au ukipita karibu na hoteli za Bamburi jioni, utamkuta mtu na kinanda chake cha umeme, maikrofoni moja, spika mbili, basi. Ngoma imo ndani ya kinanda. Besi imo ndani ya kinanda. Hata filimbi na fidla zimo humo humo. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya bendi nzima. Kundi la Them Mushrooms, lililoanzishwa hapa Mombasa mwaka wa 1972, lilikuwa na ndugu wa tumbo moja ndani yake, na walipoitikiana ungedhani ni sauti moja iliyogawanyika. Kabla yao alikuwako Fundi Konde, mzaliwa wa pwani hii hii (1924–2000), ambaye nyimbo zake nyingi zina sauti mbili zinazokwenda sambamba kama reli. Mtu wa kinanda anaweza kununua ngoma na besi dukani, lakini wa kumwitikia atampata wapi?

Ami yangu ni mmoja wa watu hao. Anakaa Likoni, na kila Ijumaa na Jumamosi wakati wa msimu wa harusi utamwona kwenye feri na kinanda chake kimefungwa kwa shuka ya zamani, asije akakigonga mkokoteni. Mimi ndimi mchukuzi wake wa waya. Mwaka juzi alinunua mtumba mashine ndogo ya kukanyagwa kwa mguu, kubwa kidogo kuliko daftari la hesabu. Waya wa maikrofoni huingia huku, sauti hutokea kule. Ukiikanyaga, sauti moja hugeuka kuwa mbili au tatu. Siku ya kwanza tulipoijaribu ukumbini, nyanya alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza, "Mna wageni?"

Sasa tuingie darasani kidogo. Msikimbie, si ngumu.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Nota ambayo wanamuziki wengi duniani huitumia kusawazishia ala zao hutetema mara 440 kwa sekunde moja. Ukitaka nota ile ile kwa juu, yaani do ya chini na do ya juu, unazidisha kwa mbili: 880. Ukitaka sauti ya pili inayokaa vizuri juu ya ya kwanza, hesabu zake pia huwa nyepesi. Kutoka do hadi so ni kama mbili kwa tatu, kwa hivyo juu ya 440 utaimba karibu na 660. Kutoka do hadi mi ni kama nne kwa tano, yaani karibu na 550. Waliowahi kuimba kwaya ya shule kwenye mashindano ya muziki wanalijua jambo hili kwa masikio ijapokuwa hawajalipigia hesabu. Mwalimu akisema, "Soprano chukueni so, alto mi, teno do," ndiyo hesabu hiyo hiyo.

Mashine hufanya kazi ya alto na teno. Hulisikiliza koo la mwimbaji, hupima inatetema mara ngapi, kisha hutengeneza nakala ya sauti ile na kuipandisha au kuishusha. Zamani njia iliyozoeleka ilikuwa kuzungusha utepe haraka. Sauti ilipanda kweli, lakini ikawa nyembamba kama ya katuni, na maneno yakaharakishwa pia. Mmarekani Les Paul na mkewe Mary Ford walikwepa tatizo hilo kwa kurekodi sauti juu ya sauti, na mwaka wa 1951 wimbo wao mmoja ulivuma duniani ukiwa na Mary Ford mmoja aliyesikika kama kundi la akina dada. Bobby McFerrin naye alivuma mwaka wa 1988 na wimbo usio na ala hata moja. Sauti zote ndani yake ni za kinywa chake mwenyewe. Lakini hayo ni mambo ya studio. Harusini huwezi kuwaambia watu wangojee uimbe mara ya pili.

Mwaka wa 1975 kampuni ya Eventide ya Marekani ilitoa mashine ya kupandisha na kushusha sauti papo hapo bila kubadilisha mwendo wa wimbo. Siri yake ni kuikata sauti vipande vidogo vidogo, kisha kuvirudia au kuviruka. Zilizofuata zikaongeza ujanja mwingine: hubadilisha nota lakini huacha mlio wa koo na kinywa jinsi ulivyo, ili ami akipandishwa asisikike kama mtoto, wala akishushwa asisikike kama zimwi. Halafu mwaka wa 1997 ikaja Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti iliyokosea nota. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, hapo kabla alifanya kazi ya kutafuta mafuta ardhini kwa kusoma mawimbi ya sauti. Mwaka uliofuata mwimbaji Cher aliitumia kupita kiasi, makusudi, na tangu hapo dunia nzima imezoea ile sauti ya kama mtu aliyemeza redio.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, nami sikulijua, ni kwamba sauti ya pili haikai umbali ule ule siku zote. Hebu kitazame kinanda. Kutoka do hadi mi, ukihesabu vitufe vyeupe na vyeusi, unapanda vinne. Kutoka re hadi fa unapanda vitatu tu. Kwa hivyo mashine haiwezi kupandisha vinne vinne kama askari wa gwaride. Lazima iambiwe do ya wimbo iko wapi, ndipo ijue wapi ipande vinne na wapi vitatu. Mashine nyingine huunganishwa na gitaa au kinanda zikasikiliza huko zenyewe. Ya ami haina ufundi huo. Ina kifundo cha kuzungusha kwa vidole, na mwenye kukizungusha ni mimi.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Tulialikwa harusini Mtongwe, usiku, uwanja umejaa, kina mama upande huu na wanaume upande ule. Ami alikuwa na mafua. Akaniinamia akasema, "Mwanangu, leo sifiki juu. Ntashusha viwili." Akabonyeza kitufe cha kushushia kinanda, mara mbili, wimbo wote ukashuka. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kile kifundo sikukigusa. Mashine ikabaki ikiamini kuwa do iko pale pale ilipokuwa jana.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, maana sauti za ziada zilikuwa zimezimwa. Kilipofika kipokeo ami akakanyaga. Lo! Nota nyingine zilikubali na nyingine ziligoma. Kila alipofika re, na kila alipofika la, yule "mwenzake" wa ndani ya mashine alimjibu kwa nota isiyokuwamo katika wimbo. Si kwamba sauti ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kabisa, ila ya wimbo mwingine. Kina mama wakatazamana. Ami akadhani amekosea yeye, akajaribu kujirekebisha, na kadiri alivyojirekebisha ndivyo ilivyozidi kuharibika. Kisha bibi mmoja mwenye furaha zake akapiga vigelegele mbele ya maikrofoni. Mashine haichagui. Ikavichukua vigelegele vile ikavitoa kwa sauti tatu, vyote vimepinda. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwenye harusi alilipa nusu. Pesa zile ndizo zilizokuwa karo yangu ya muhula wa pili, na nilikaa nyumbani siku tisa. Ami hakunigombeza. Tulipokuwa kwenye matatu alisema tu, "Mashine haiujui wimbo. Yajua nota zake tu. Wimbo waujua wewe." Ningependelea anizabe kofi.

Siku zile tisa sikuzipoteza. Nilikaa na mashine nikaandika kwenye daftari kila wimbo wa ami, do yake iko kitufe gani, na akishusha viwili iwe kipi. Katika kazi hiyo nikagundua tatizo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kuna nyimbo ambazo hata nikiweka kifundo mahali pake, mashine huziharibu.

Nazo ni nyimbo za taarabu ya kale zilizojengwa juu ya maqamu za Kiarabu kama rasti na bayati. Wasomao kasida na maulidi wanazijua. Turudi kwenye hesabu: tuseme do yetu ni 440. Kwenye kinanda, juu yake kuna nota mbili za kuchagua, moja ya huzuni ya 523 na moja ya furaha ya 554. Katikati yao hamna kitufe. Lakini nota ya tatu ya rasti hukaa takriban 539, katikati hasa, kwenye ufa baina ya vitufe viwili. Mpigaji udi hana shida, kwa sababu shingo ya udi haina vyuma kama vya gitaa. Kidole hukanyaga popote sikio linapotaka. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa hadi alipofariki mwaka wa 2016, alisifika kwa udi wake kwa sababu ya mambo kama hayo. Koo la binadamu nalo halina vyuma. Mashine ndiyo yenye vyuma. Ikisikia 539 hudhani mwimbaji amekosea, ikamvuta juu au chini, na ile ladha inayomfanya mzee afumbe macho ikatoweka. Ukitelezesha sauti kutoka nota moja hadi nyingine, kama walivyozoea waimbaji wetu, yenyewe hukata ngazi ngazi.

Isitoshe, taarabu haikuhitaji sauti tatu tangu mwanzo. Mwimbaji huimba, fidla na udi humfuata kwenye mstari ule ule kila mmoja akiurembesha kivyake, na kipokeo huimbwa na wote kwa sauti moja. Kuiwekea alto na teno ni kama kutia maziwa kwenye kahawa chungu: wako wanaopenda, lakini ile si kahawa chungu tena. (Mwenzangu mmoja wa dawati atabisha. Abishe.) Vipo vinanda vya umeme vinavyoweza kushusha nota moja moja nusu ya hatua ili zikae kwenye ule ufa, na ami anacho kimoja. Lakini ile mashine ya mguuni haina habari nacho.

Wala si lazima mtu awe na umeme ili aigeuze sauti yake. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka wa 2003, alikuwa akikaa na ilimba yake peke yake akaimba kwa sauti nzito ya kifuani, kisha ghafla akaruka juu kabisa kama mtu mwingine ameingia chumbani. Sikilizeni kanda zake mkizipata.

Basi sasa sisi twafanya hivi. Nyimbo za dansi na za hoteli, zile za do na mi zilizonyooka, tunaziwekea sauti ya pili kwenye kipokeo peke yake, na tunaishusha iwe chini kuliko ya ami, isikike kama mtu aliye nyuma yake hatua tatu. Sauti ya tatu hatuiweki ila mwisho wa wimbo. Maikrofoni tumebadilisha, hii mpya husikia kinywa kilicho mbele yake na vya pembeni haivijali sana, na mimi husimama upande wa kina mama kuzuia vigelegele visisogee. Kwenye ubeti ami huzima kabisa. Husema mashairi yana kazi yake, watu wayasikie maneno.

Na ikija rasti, huitoa mashine njiani kwa mguu, huisukuma hadi chini ya meza. Mwezi wa Disemba tulikuwa Magongo, wimbo ukafika kwenye kipokeo, hamna mashine, ami peke yake. Akanyamaza. Kina mama wakakipokea wenyewe, kama thelathini hivi, na ile nota ya ufani kila mmoja akaiweka mahali pake bila kuhesabu chochote. Mwenye harusi alilipa zote, akaongeza na nauli.