Mtihani Uleule, Mara ya Pili

Anayejiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani na Kanada, mwishowe huishiwa na mitihani ya zamani ya kujipimia. Wengi hurudia ule walioufanya miezi miwili nyuma, kisha hushangilia alama zilizopanda.

Furaha hiyo ina walakini. Alama huanzia 120 hadi 180, na anayekumbuka kwamba jibu lilikuwa C hawezi kujua kama amepanda kwa akili au kwa kumbukumbu.

Hata hivyo, kurudia si kazi bure. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima juu ya habari waliyoisoma waliikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko walioisoma tena na tena. Ila LSAT hupima kufikiri, si kukariri. Faida basi imo katika kulichambua kila swali: B imekosea wapi, na ni nini kilimvuta mtu kuichagua? Hapo saa ya kupimia muda haina kazi.

Na tangu Agosti 2024 sehemu ya mafumbo ya mantiki imeondolewa kwenye LSAT. Kwenye mitihani ya zamani, sehemu hiyo irukwe tu.